Mwandishi wa vita akiwa na upande wake, habari yake tuitupe? Kisa cha George Steer, kutoka Addis Ababa hadi Gernika

Dereva_Mstaafu (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwenu nyote.

Jana baada ya Isha tulikuwa barazani Kibokoni. Muuza kahawa alikuwa ameshapita na dele lake mara ya pili, kijana mmoja akatoa simu akatuwekea ripoti ya mwandishi wa kigeni aliyeko vitani. Dakika mbili hazikuisha baraza likagawanyika. Mmoja akasema, huyo babake alikuwa mwanajeshi, hana la kutwambia. Mwengine akasema, chuo alichosoma kinajulikana, watu wa pale wote ni mrengo mmoja. Wa tatu akauliza kabila la mkewe. Nilipouliza ripoti yenyewe imesema nini, hapana aliyekuwa ameisikiza mpaka mwisho. Simu ilikuwa imeshazimwa.

Nimelala nalo jambo hili na nimeamka nalo. Kazi ya waandishi wa vita niliiona kwa karibu. Mwaka 1992, ndege za chakula cha Somalia zilipokuwa zikiruka kutoka uwanja wetu wa Moi hapa Mombasa, mimi nilikuwa na teksi, na waandishi walikuwa wamejaa hoteli za Nyali na Bamburi. Asubuhi nawapeleka uwanjani, mchana nawapeleka kambi ya wakimbizi ya Utange. Hayo nitayarudia. Kwanza nataka tumzungumze mtu mmoja ambaye tangu nimsome hajanitoka akilini.

George Steer alizaliwa 1909 East London, mji wa bandari Afrika Kusini. Babake ndiye aliyekuwa akiendesha gazeti la Daily Dispatch la mji huo. Mtoto akapelekwa Uingereza, akasoma shule ya Winchester kisha Chuo Kikuu cha Oxford. Sasa mpimeni kwa mizani ya baraza letu la jana: Mzungu wa Afrika Kusini, mwana wa mwendesha gazeti la walowezi, kasomeshwa pamoja na watoto wa wakubwa wa dola ya Kiingereza. Ungeambiwa mtu huyu anatumwa kuandika vita vya Waafrika na Wazungu, ungesema yuko upande gani?

Mwaka 1935 gazeti la The Times la London likamtuma Addis Ababa, hajatimiza miaka 26. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo majeshi ya Mussolini, mtawala wa Italia, yakaingia Uhabeshi, yaani Ethiopia, bila hata kutangaza vita. Na Steer akasimama na Wahabeshi waziwazi. Aliandika habari za ndege za Italia na gesi ya sumu iliyochoma watu ngozi na macho. Italia ilikanusha, ikaendelea kukanusha miaka nenda miaka rudi, na ni 1996 ndipo wizara yake ya ulinzi ilipokiri kwamba gesi ilitumika. Miaka 60. Waliochomwa wengi walikuwa wamekwisha kufa na neno lao halikuaminiwa.

Katika mji ule ule, wakati ule ule, alikuwako Evelyn Waugh, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, akiandikia Daily Mail, gazeti lililoipenda Italia, na yeye mwenyewe akiona Italia ina haki ya kuitawala nchi ile. Wote wawili Waingereza kwa malezi, wote wawili watu wa Oxford. Ukitizama vyeti vyao vya kuzaliwa na shule zao utadhani wataandika habari moja. Kwa hivyo wale wa “tumjue babake kwanza”, hapa mnasemaje?

Mei 1936 mfalme Haile Selassie akaondoka kwa gari la moshi kwenda Djibouti, mji ukaporwa. Tarehe 4 Mei, risasi zikilia nje, Steer akafunga ndoa ndani ya ubalozi wa Uingereza na Margarita de Herrero, mwandishi wa gazeti moja la Paris. Kesho yake Waitalia wakaingia. Hawakuchukua siku nyingi, wakamfukuza nchini.

Naachia hapa nipate kusali. Habari ya Gernika naja nayo.

Kijana_wa_Likoni

Ami, shikamoo. Kisa kitamu lakini nina shaka. Wewe mwenyewe umesema alisimama na Wahabeshi waziwazi. Sasa huyo ni mwandishi au ni shabiki? Mimi nikijua refa ni wa timu moja, siukubali mchezo hata kama mabao ni ya haki. Sisi vijana tumechoka na watu wanaokuja na upande wao halafu wanatwambia ndio ukweli.

Dereva_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la haki na ndilo lililonifanya niandike. Nisikize hili la Gernika kisha uniambie.

Steer alikuwa ameshafiwa. Mwanzo wa 1937 Margarita alifariki katika uzazi. Akaenda kaskazini mwa Uhispania, nchi ya Wabasque, ambako Jenerali Franco, aliyeiasi serikali, alikuwa akiwapiga kwa msaada wa ndege za Ujerumani na Italia. Na huko pia hakuficha, aliwapenda Wabasque. Taifa dogo linapigwa na mkubwa, ameshaliona Uhabeshi, analiona tena.

Jumatatu tarehe 26 Aprili 1937. Jumatatu ndiyo siku ya soko Gernika, mji wa Wabasque, wakulima wameshuka na mifugo yao. Saa kumi na nusu alasiri kengele ya kanisa ikalia kuonya kwamba ndege zinakuja. Usiku huo Steer yuko Bilbao mezani na waandishi wenzake, akaingia mtu wa serikali analia, akawaambia Gernika inaungua. Wakaondoka pale pale na magari. Kutoka maili 10 waliona wekundu wa moto juu ya moshi, juu ya milima. Saa nane usiku Steer yuko ndani ya mji, nyumba zinaanguka, anahoji watu ambao nguo zao bado zina majivu.

Sasa tizama alichofanya. Aliokota vifuko, yaani maganda, vya mabomu ya moto, vya aluminiamu, vitatu. Akasoma kilichopigwa muhuri juu yake: alama za kiwanda cha Ujerumani, na mwaka 1936. Akaandika ni ndege za aina gani, ziliingia kwa utaratibu gani, kwanza mabomu makubwa ya kubomoa ili watu wakimbie, ndege ndogo zikawashambulia kwa bunduki wakiwa mashambani, kisha mabomu ya moto juu ya magofu. Akaandika kwamba hujuma ile ilichukua saa tatu na robo. Akaandika pia kwamba kiwanda cha silaha kilicho nje ya mji hakikuguswa.

Na hapa ndipo aliponishika moyo. Kuhusu idadi ya waliokufa, mtu huyu mwenye upande, mwenye mapenzi, ambaye angeweza kutaja elfu yoyote na watu wakalia naye, aliandika kwamba bado haiwezekani kusema ni wangapi. Baadaye serikali ya Wabasque ikatoa hesabu yake, watu 1,654. Wanahistoria wa leo wengi wanaona hesabu hiyo ni kubwa mno, wanataja mamia. Ripoti ya Steer ya tarehe 28 Aprili bado imesimama, kwa sababu hakuandika asichokijua.

Makao makuu ya Franco kule Salamanca yakasema ni Wabasque wenyewe waliotia moto mji wao. Vile vifuko vitatu vikawajibu. Na mwaka 1997, miaka 60 baadaye, rais wa Ujerumani Roman Herzog akawaandikia manusura kukiri kwamba ni ndege za Kijerumani.

Binti_Majengo

Ami, mimi ninalo swali jengine. Huyo alikuwa peke yake? Maana mtu mmoja akiona, tunamtegemea yeye tu.

Dereva_Mstaafu

La, hakuwa peke yake, na umegusa penyewe, mwanangu. Mezani Bilbao usiku ule alikuwako Noel Monks wa Daily Express, Mwaustralia Mkatoliki. Kumbuka upande wa Franco ulikuwa ukijiita watetezi wa Ukatoliki. Alikuwako Christopher Holme wa shirika la Reuters, ambalo kazi yake ni kuuza habari kwa magazeti ya kila rangi. Alikuwako Mathieu Corman, Mbelgiji, wa Ce Soir, gazeti jipya la wakomunisti wa Paris. Watu wanne, kila mmoja na imani yake na mwajiri wake, wameuona moto mmoja na wameandika moto mmoja. Mimi nikipata hivyo, siulizi tena nani alisali wapi.

Maalim_Kibokoni

Waalaykum salaam warahmatullah. Niruhusuni niingie, kwa sababu haya mnayoyazungumza wanazuoni wetu waliyafanyia kazi kabla ya gazeti lolote kuwako.

Aya ya sita ya Suratul Hujurat inatuambia, akitujia fasiki na habari, tuhakikishe. Zingatieni neno. Haikusema tuitupe. Huyo ni fasiki, mtu ambaye uadilifu wake umevunjika kabisa, na bado amri ni kuchunguza. Seuze mtu ambaye kosa lake ni kuwa na msimamo wa siasa.

Na katika elimu ya hadithi iko fani nzima ya kuwapima wapokezi, jarhi na taadili. Wanazuoni waliandika juu ya kila mpokezi: kazaliwa wapi, kasoma kwa nani, kumbukumbu yake ikoje, madhehebu yake ni yapi. Kwa hivyo mwanzisha uzi asidhani kwamba kuuliza asili ya mtu ni jambo baya. Ni elimu. Lakini elimu hiyo ina adabu yake. Imam Bukhari alipokea kutoka kwa Imran bin Hittan, na Imran alikuwa Khawarij, watu waliotoka katika jamaa kwa panga. Kwa nini alimpokea? Kwa sababu alijulikana kwa ukweli wa ulimi. Na wengi katika wanazuoni wakaweka sharti: mtu wa upande fulani anakubaliwa akiwa mkweli, ila pale anaposimulia jambo linalonyanyua upande wake, hapo zidisha uangalifu, tafuta mpokezi mwengine.

Kijana wangu wa Likoni, mfano wako wa refa ni mzuri lakini si mahali pake. Refa anatoa hukumu. Mpokezi anatoa habari, na habari ina njia ya kufuatwa hadi mwanzo wake.

Na hapa hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah 1932, hakumficha mtu kwamba ana msimamo. Jina Al-Islah lenyewe ni matengenezo. Msomaji alijua anachukua gazeti la mtu anayetaka umma wake uamke, na alisoma akijua hivyo. Upande uliotangazwa una nafuu kuliko upande uliofichwa.

Kijana_wa_Likoni

Maalim, nimekuelewa na nimenyamaza kwa la refa. Lakini nimekwenda kumsoma huyo Steer nami nimekuta jambo ambalo Ami hakulitaja. Mwaka 1940 alivaa sare za jeshi la Uingereza na kazi yake ikawa propaganda. Kwa hivyo mwisho wake si alikuwa mtu wa serikali? Na mbona Haile Selassie ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa mtoto wake? Huo si urafiki wa mwandishi na anayeandikwa?

Dereva_Mstaafu

Ni kweli yote mawili. Sikuyaficha, nilikuwa nayajia.

Alioa mara ya pili, mke akiwa binti wa aliyekuwa balozi wa Uingereza Addis Ababa, na mfalme, wakati huo akiwa uhamishoni Uingereza, akasimamia ubatizo wa mtoto wao 1940. Mwaka huo huo mfalme akapelekwa Khartoum kujiandaa kurudi, na Steer naye yuko huko na sare. Kikosi chake kilichapa karatasi za kuwashawishi askari wa Italia wa Kihabeshi watoroke, na gazeti la Kiamhari lililoitwa Banderachin. Maana yake bendera yetu. Wao nao wanalo neno la bendera kama sisi, nililiona nikafurahi. Mfalme akavuka mpaka Januari 1941, akaingia Addis Ababa tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Waitalia waingie. Steer mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari ya jeshi huko Bengal siku ya Krismasi 1944, miaka 35.

Mimi hukumu yangu ni hii. Alichoandika akiwa na sare nakisoma kama karatasi ya serikali, hata kama kila neno ni kweli. Na kabla ya sare pia kuna pahali naona alivuka mpaka. Aprili 1937, serikali ya Uingereza ilipokuwa ikiziambia meli zake zisiingie Bilbao kwa sababu bahari imefungwa na manowari za Franco, Steer hakuishia kuandika kwamba njia iko wazi. Alikuwa akimpelekea habari mbunge wa upinzani, Philip Noel-Baker, azitumie bungeni. Meli ya Seven Seas Spray ikaingia na chakula tarehe 20 Aprili, watu wa Bilbao wakashangilia ufukweni. Walikuwa na njaa na wakala. Nafurahi walikula. Lakini kazi ile haikuwa tena ya mwandishi, na msomaji wa The Times alikuwa na haki ya kuambiwa.

Na liko jengine nadra watu kulitaja. Upande si wa mwandishi pekee, mhariri naye anao. Mhariri wa The Times, Geoffrey Dawson, alikuwa akitaka amani na Ujerumani, na katika barua yake mwenyewe ya Mei 1937 alisema usiku baada ya usiku anajitahidi kuondoa gazetini lolote litakalowaudhi Wajerumani. Ripoti ya Gernika ikapita mkononi mwa mtu huyo huyo ikachapwa. Kwa hivyo ukiniuliza nani alikuwa na upande, nitakwambia wote. Ndiyo maana vile vifuko vitatu vina thamani kuliko wasifu wa mtu yeyote.

Binti_Majengo

Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, akaingia Uhabeshi 1941 kwa njia ya Somalia, kutokea huku kwetu Kenya. Alikuwa akisimulia mateka wa Kitaliano, wengi, wanatembea kwa miguu wakiwa wamechoka kuliko wao waliowashika. Hapana mwandishi aliyewahi kumuuliza chochote. Alikufa na habari zake. Ndiyo nami nauliza, Ami: hao wakalimani na madereva wa kina Steer, majina yao yako wapi? Mwandishi anaingia nchi ya watu, nani anamwambia “twende huku, usiende kule”? Upande wa huyo nani anaupima?

Dereva_Mstaafu

Allah amrehemu babu. Umeniingiza kwangu sasa, na hapa nazungumza niliyoyaona.

Siku moja 1992 nilimpeleka Utange mwandishi mmoja mwanamume. Kabla hatujafika Bamburi alikuwa ameshaandika kurasa mbili pale kiti cha nyuma. Nilimwona kwenye kioo. Tulipofika akazungumza na watu watatu, wote aliletewa na mzee mmoja aliyekuja mbio gari liliposimama, wote wa ukoo mmoja. Hakujua, na mimi sikumwambia. Nilikuwa kijana, naogopa kupoteza mteja, na mzee yule nilikuwa namjua. Dakika 20 tumemaliza. Mwandishi huyo hakuwa na chuki na mtu. Barabarani aliniuliza habari za watoto wangu, akanilipa zaidi ya tulivyopatana. Lakini aliondoka Utange na habari ya ukoo mmoja akidhani ni ya Somalia nzima, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani.

Wiki ile ile nilimpeleka mwandishi mwanamke. Huyu siasa zake alizitoa wazi tangu hotelini, alikuwa akiwalaumu Wamarekani kwa kila kitu, mpaka nikaona ni taabu kumsikiza. Tulipofika akampita yule mzee kwa salamu, akaenda kwenye foleni ya maji. Akasimama kwenye foleni, jua la mchana. Akamuuliza mama mmoja amefika saa ngapi pale. Akahesabu mitungi ya lita 20 mbele yake. Kisha akamfuata mama yule mpaka hemani, akaangalia ule mtungi unagawanywa kwa watu wangapi, akawahesabu kwa kidole, tisa. Halafu akarudi kwangu kwenye gari akanipa kijitabu chake, akaniambia soma majina haya, nimeyaandika sawasawa? Mawili yalikuwa na makosa. Akayafuta akayaandika upya mbele yangu, kisha akarudi hemani kumsomea mama mwenyewe ahakikishe.

Siasa za huyu mwanamke sikuzikubali na mpaka leo sizikubali. Lakini mtu akiniuliza nani kati ya wale wawili alijua hali ya maji Utange siku ile, sina haja ya kufikiri.

Jawabu lako, mwanangu, ni kwamba upande wa dereva haupimwi na mtu, na majina yetu hayamo. Niliwabeba wengi mwaka ule na sijawahi kuonyeshwa hata ukurasa mmoja uliotoka katika gari langu.

Kijana_wa_Likoni

Ami, nimesoma yote. Ile ripoti ya barazani ni mimi niliyeizima simu. Nilikuwa nimeona jina lake tu na kazi ya babake, nikakasirika. Maalim, nisamehe.

Maalim_Kibokoni

Hapana la kusamehe. Umeuliza vizuri kuliko wengi.

Dereva_Mstaafu

Basi kesho baada ya Isha, Inshallah, njoo nayo. Nimeitizama urefu wake, ni dakika 11. Kahawa juu yangu. Tutaiwacha iende mpaka mwisho, mimi nitakuwa na kalamu: amesimama wapi, amemuona nani kwa macho yake, ameokota nini. Ya babake tutayazungumza baadaye, kama muuza kahawa bado hajafunga.